Mgeni katuandikia mara tatu, sisi tunaapa hajaandika: tusaidiane kupanga barua pepe za ofisi kwenye simu na kompyuta, pamoja na spamu, yaani barua taka (Arusha na Moshi)

#1
DadaRizavesheni, Arusha
Jumanne, saa 2:40 usiku

Habari za usiku wakuu.

Jambo hili limenikaa kooni siku nne. Nimelileta hapa kwa sababu naamini ofisi nyingi za mjini kwetu zinaumwa ugonjwa huu huu na hazijajijua.

Nafanya rizavesheni kwenye kampuni ndogo ya safari, tuko wanne pamoja na bosi. Wapo watakaosema barua pepe imepitwa na wakati, siku hizi kila kitu WhatsApp. Labda huko kwao. Kwetu tunaopeleka wageni mbugani, na kwa wenzetu wa Moshi wanaopandisha mlima, barua pepe ndiyo duka lenyewe. Mgeni yuko Hamburg au Denver, hakujui, hajawahi kukuona. Anaingia kwenye tovuti tano sita, anaandikia wote, kisha anakaa kusubiri nani atamjibu vizuri na mapema. Ukichelewa siku mbili umekwisha.

Ijumaa iliyopita mama mmoja wa Kijerumani alimpigia bosi simu. Hakugomba. Alisema kwa upole kwamba ameandika mara tatu, hakujibiwa hata mara moja, na wameshalipia kwa kampuni nyingine, ila ameona atujulishe kwa sababu huenda tuna tatizo. Watu sita, siku tisa, mwezi wa pili, walitaka kukaa Ndutu waone nyumbu wanavyozaa. Mvua hizi tunahesabu kila kichwa, wakuu. Bosi aliponigeukia nikaapa kuwa hakuna barua kama hiyo, na kwa yale niliyoyaona mimi nilikuwa nasema kweli.

Usiku ule sikulala. Nikaingia webmeli, ile ya kufungua kwa kivinjari, ambayo sikuwa nimeigusa tangu mwaka jana. Barua yake ya kwanza ipo, kwenye folda ya spamu. Ya pili ipo, folda hiyo hiyo. Ya tatu haipo kabisa. Kesho yake nikaikuta kwenye pipa la kompyuta ya ofisini: ilishuka usiku, asubuhi ikawa katikati ya rundo la wale wanaotaka kutupandishia tovuti kwenye Google na wauza viti kutoka China, nikafuta kwa mkupuo nayo ikaenda. Kwenye simu yangu haikuwahi kutokea.

Hali yetu ni hii. Anwani moja ya ofisi, na inafunguliwa kwenye kompyuta ya ofisini (kwa programu ya barua ya Thunderbird), simu yangu ya Android, iPhone ya bosi, na tableti ya dereva wetu mkubwa. Nikifuta spamu kwenye simu naikuta tena kwenye kompyuta. Bosi anafuta zake, mimi nafuta hizo hizo upya. Mbaya zaidi, mwezi uliopita nilimtumia mgeni kotesheni, bosi hakujua kama nimejibu, naye akamtumia yake kutoka kwenye iPhone. Bei mbili tofauti, mgeni mmoja.

Naombeni msaada. Kwa nini simu yangu haikuona folda ya spamu? Barua ya tatu ilipita wapi? Na nifanye nini ili hivi vifaa vinne viwe vinaangalia kitu kimoja?

#2
FundiSanawari, Arusha
Jumanne, saa 3:25 usiku

Pole sana dada. Umefanya jambo moja kubwa kuingia webmeli, wengi huishia kuilaumu simu.

Kabla sijasema mengine, fungua mipangilio ya akaunti kwenye simu, sehemu ya seva ya kupokelea (seva ni ile kompyuta ya mbali inayotunza barua zenu), uangalie namba ya mlango. Ukikuta 995 au 110, hiyo ni POP. Ukikuta 993 au 143, ni IMAP. Nina hakika utakuta 995.

Tofauti yake nitaieleza kwa sanduku la posta. Chukulia ofisi yenu ina S.L.P. pale posta ya Mnara wa Saa. POP ni mtu anayekwenda na ufunguo, anachukua barua zote, anaondoka nazo nyumbani. Mwenzake akifika nyuma yake anakuta sanduku tupu. Ndicho kilichotokea kwa barua ya tatu. Kompyuta ya ofisini hamuizimi, inachungulia seva kila dakika kumi, simu yako labda kila saa. Kompyuta ikawahi, ikabeba, ikafuta kwenye seva.

Na POP ina kitu kingine ambacho watu hawakijui: inachukua kikasha kikuu tu. Folda ya spamu iliyo kwenye seva haiioni, haina hata njia ya kuiuliza. Kwa hiyo kila barua njema ambayo seva iliitilia shaka, kwenu nyote wanne ilikuwa imezikwa. Mngeweza kukaa miaka mitano.

IMAP ni kusomea barua pale pale posta. Unaifungua, unaisoma, unaiacha sandukuni na alama kwamba imesomwa. Ukiitupa, imetupwa kwa wote. Barua mliyotuma nayo hukaa kwenye folda ya zilizotumwa kwenye seva, bosi akifungua anaiona. Kwa POP iliyotumwa hubaki kwenye kifaa kilichoituma, na ndiyo maana bosi hakujua umeshajibu. Si utaratibu mpya huu, IMAP ipo tangu 1986. Shida ni kwamba kompyuta nyingi za ofisi zetu zilisetiwa zamani na mtu aliyetaka kuokoa nafasi ndogo ya seva, hakuna aliyerudi kubadilisha.

Swali moja: zile barua mbili zilizokuwa spamu, mgeni aliandika kupitia fomu ya kwenye tovuti yenu au aliandika moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe yake?

#3
DadaRizavesheni, Arusha
Jumanne, saa 3:41 usiku

Kaka, ni 995 kweli. Simu, tableti na kompyuta zote. iPhone ya bosi nitaiangalia kesho.

Umeniuliza swali zito. Nimerudi kuangalia: mbili za kwanza ni za fomu. Ya tatu aliandika mwenyewe moja kwa moja.

#4
FundiSanawari, Arusha
Jumanne, saa 4:10 usiku

Nilidhani hivyo. Sikiliza kwa makini, hapa ndipo pesa zinapovujia.

Fomu nyingi za tovuti zimetengenezwa vibaya. Mgeni akijaza, tovuti yenu inawatumia barua, lakini kwenye sehemu ya mtumaji inaandika anwani ya mgeni mwenyewe. Maana yake seva yenu inajifanya kuwa yule Mjerumani. Seva inayopokea inauliza: hii barua inadai imetoka kwa mtu fulani huko Ulaya, mbona imeletwa na kompyuta isiyomhusu? Inaitupa spamu, na ni haki yake, kwa sababu matapeli hufanya hivyo hivyo.

Mwambieni aliyewatengenezea tovuti abadilishe vitu viwili. Mtumaji awe anwani ya domeini yenu wenyewe, yaani lile jina la tovuti yenu linalokaa baada ya @. Anwani ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya "Reply-To", ili ukibonyeza kujibu iende kwa mgeni. Ni kazi ya dakika chache. Kisha wewe jaza fomu mwenyewe kwa anwani yako binafsi uone inatua wapi. Rudia kila mwezi, andika kwenye kalenda ya ukutani.

Kuhama kutoka POP kwenda IMAP nitaandika kesho asubuhi, usifanye leo ukiwa umechoka. Na tafadhali USIIFUTE akaunti ya zamani kwenye kompyuta. Barua zenu za miaka yote zipo humo tu, kwenye seva hazipo.

#5
MamaKiboriloni, Moshi
Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Uzi huu umenishika. Mimi na mume wangu tunapandisha wageni Kilimanjaro kwa njia za Machame na Marangu, tumejaza fomu yetu jana usiku baada ya kusoma hapa. Imeanguka spamu! Mwanangu yuko nayo sasa hivi anairekebisha. Mungu akubariki fundi.

Sisi tatizo letu lingine ni kinyume chake. Barua TUNAZOTUMA ndizo zinazoanguka spamu kwa wageni. Mgeni anaandika "sijapata jibu lenu", tunamtumia WhatsApp, anaangalia, anazikuta huko.

#6
FundiSanawari, Arusha
Jumatano, saa 1:30 asubuhi

Mama, shikamoo. Hilo ni la domeini yenu. Kuna mambo matatu yanatakiwa yaandikwe kwenye kumbukumbu za domeini, na mliyempa kazi ya hostingi (anayewatunzia tovuti na barua kwenye seva) anaweza kuyaweka leo leo.

SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kubeba barua zenu. DKIM ni muhuri ambao seva yenu inaugonga kwenye kila barua, na anayepokea anaweza kuuhakiki kwamba haujachezewa. DMARC ni maagizo mnayoyatoa kwa dunia: barua ikija kwa jina letu bila kuwa kwenye orodha wala kuwa na muhuri, ifanyeni hivi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza. Kila anayewatumia watu wao anatakiwa awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na zote tatu, pamoja na kitufe cha kujitoa kwa mbofyo mmoja.

Kujua kama mnazo, jitumieni barua kutoka ofisini kwenda kwenye Gmail yoyote, muifungue kwenye kompyuta, kwenye menyu ya vidoti vitatu chagueni kuonyesha barua asilia. Juu pataandikwa SPF, DKIM, DMARC, na mbele ya kila moja "PASS" au "FAIL".

Je, mmewahi kutuma tangazo kwa watu wengi kwa pamoja?

#7
MamaKiboriloni, Moshi
Jumatano, saa 1:48 asubuhi

Marahaba. Tuliwahi, mwaka juzi. Kijana mmoja alituuzia orodha ya anwani za mawakala wa utalii wa Ulaya na Marekani, tukawatumia wote kwa mara moja kwa nakala ya siri. Wachache sana walijibu, na waliojibu walikuwa wakali.

#8
FundiSanawari, Arusha
Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Mama, nakwambia kwa heshima: hiyo orodha iiteketezeni. Kila mmoja aliyebonyeza "hii ni spamu" aliipa domeini yenu alama mbaya, na alama hiyo ndiyo inayofuata hata jibu mnalompa mgeni halali anayewauliza bei leo. Kwa watumaji wakubwa Google inataka malalamiko yasifike asilimia 0.3, yaani barua tatu tu kati ya elfu moja. Halafu sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa ya mtu inatakiwa itumike kwa kusudi lile alilokubali. Hao mawakala hawakukubali lolote kwenu.

Andikieni wale waliowahi kupanda nanyi. Wachache wanaowajua wanatosha.

#9
FundiSanawari, Arusha
Jumatano, saa 2:50 asubuhi

Sasa dada wa rizavesheni, hatua za kuhama. Nitaandika kwa kompyuta yako ya Thunderbird kwa sababu hapo ndipo hazina ilipo.

Anza kwa kunakili folda nzima ya Thunderbird kwenye diski ya nje. Usiruke hapa. Pili, ingia kwenye paneli ya hostingi uangalie nafasi ya sanduku lenu. Kama ni GB 1 na barua zenu ni GB 6, haitoshi, ongezeni kwanza. Thunderbird haiwezi kuigeuza akaunti ya POP kuwa IMAP, kwa hiyo unaongeza akaunti ile ile upya, unachagua IMAP, mlango 993, na ya kutuma 465 au 587. Utaona sasa akaunti mbili zenye jina moja upande wa kushoto. Ondoa tiki ya kuchukua barua kiotomatiki kwenye ile ya zamani ili isiendelee kubeba.

Kisha buruta barua kutoka ya zamani kwenda mpya, folda kwa folda, mia tano tano. Zinapanda kwenye seva. Fanya usiku, kwa Wi-Fi ya ofisi, maana bando la simu litaisha kabla hujafika 2021. Usihamishe spamu za zamani, ziache zife huko.

Simu na tableti ni rahisi, ongeza akaunti ya IMAP, hakikisha kila kitu kinaonekana, ndipo uondoe ya POP. Kwenye simu chagua ilete barua za mwezi mmoja tu. Zilizobaki zipo seva, ukizitafuta zitakuja.

Kuhusu spamu yenyewe, jambo moja ambalo naliona kila ofisi ninayoingia. Watu wanaifundisha Thunderbird siku nzima, hii taka, hii siyo, na inajifunza kweli. Lakini elimu hiyo inakaa ndani ya kompyuta ile ile. Kompyuta ikizimwa, umeme ukikatika, wikiendi ikifika, simu inajaa spamu kwa sababu mlinzi amelala. Kichujio kinachowafaa mnaotumia vifaa vinne ni cha kwenye seva, kile kinachochuja kabla barua haijagawanywa. Kiwasheni kwenye paneli ya hostingi, muweke domeini za mawakala na loji zenu kwenye orodha ya wanaoaminika.

#10
MwalimuRau, Moshi
Jumatano, saa 5:15 asubuhi

Vijana hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Rau. Sina kampuni. Nina Gmail niliyofunguliwa na binti yangu aliye Kanada, ananitumia picha za wajukuu humo. Simu imeanza kuniambia nafasi imejaa na barua mpya hazitaingia. Nikifungua nakuta matangazo ya maduka ambayo sijawahi kuyasikia, sitini kwa siku. Nimekuwa nafuta moja moja kila asubuhi baada ya chai. Naogopa nitaikosa barua ya mwanangu.

Na swali la mwalimu wa historia: nani alianzisha mambo haya?

#11
ChaliiWaNgarenaro, Arusha
Jumatano, saa 5:40 asubuhi

Shikamoo mwalimu. Hakuna haja ya kufuta moja moja.

Mwombe kijana wa karibu mwenye kompyuta akufungulie Gmail hapo. Kwenye kisanduku cha kutafuta aandike category:promotions older_than:1y, achague zote, afute. Kisha larger:10M, hizo ni zenye mizigo mikubwa, hapo MWENYEWE uangalie kabla ya kufuta maana picha za wajukuu zinaweza kuwa humo. Baadaye amwage pipa, la sivyo nafasi hairudi mpaka siku 30 zipite. Zile GB 15 za bure zinagawanywa kati ya barua, Drive na picha za Google Photos, kwa hiyo huenda picha ndizo zimejaza.

Barua za binti yako atengeneze kichujio: kutoka kwa anwani yake, isipelekwe spamu kamwe, iwekewe nyota. Hili halifanyiki ndani ya programu ya Gmail ya simu, lazima kivinjari cha kompyuta. Ukishatengeneza mara moja linafanya kazi na kwenye simu.

Halafu matangazo yote bonyeza kujitoa.

#12
FundiSanawari, Arusha
Jumatano, saa 6:20 mchana

Chalii umesema vizuri ila hapo mwisho nakupinga. Si yote.

Duka ambalo mwalimu aliwahi kujiandikisha, benki, shirika la ndege, hao ajitoe na watamwacha. Lakini barua ya mtu asiyemjua kabisa, akibonyeza linki ya kujitoa ndani yake, amemthibitishia kuwa anwani ina mtu hai. Hiyo aripoti kama spamu, basi. Na azime picha zisifunguke zenyewe. Barua nyingi zina kapicha kadogo kasikoonekana, kakifunguka mtumaji anajua umesoma na saa ngapi. Kwenye Gmail kuna chaguo la kuulizwa kabla ya picha za nje kuonyeshwa.

Mwalimu, shikamoo. Spamu inayotajwa kuwa ya kwanza ilitumwa Mei 1978 Marekani, na Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC. Aliwatumia watu karibu 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, mwaliko wa kuja kuona mashine mpya. Walikasirika siku ile ile.

#13
MwalimuRau, Moshi
Jumatano, saa 6:45 mchana

Marahaba wanangu. 1978 nilikuwa darasani nafundisha. Nimefurahi kujua. Kijana wa duka la steshenari anakuja jioni.

#14
ChaliiWaNgarenaro, Arusha
Jumatano, saa 3:00 usiku

Fundi nimekubali, nilikosea pale.

Naomba niseme langu, limeniuma na sijawahi kuliandika popote. Wakuu wa kampuni za safari soma hii kabla hujalala.

Mwaka jana mgeni wangu alilipa malipo ya awali ya safari kwenye akaunti ambayo si yangu. Mtu aliingia kwenye barua pepe yangu, nadhani niliacha wazi kwenye kompyuta ya wageni kwenye gesti moja, niliprinti vauchari nikaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Hakufuta kitu, hakubadilisha neno la siri. Alikaa kimya. Aliweka kichujio: kila barua yenye neno "invoice" au "bank" itumwe nakala kwake. Wiki tatu anasoma nami namwona mgeni wangu anaendelea vizuri.

Siku ya malipo mgeni akapata barua yenye nembo yangu, saini yangu, hata namna yangu ya kusalimia, ikisema benki yetu inakaguliwa, tumia akaunti hii. Domeini ilikuwa kama yangu ila badala ya m waliandika r na n zikisogeleana. Mgeni aliisoma kwenye simu. Na simu, wakuu, inaonyesha JINA la mtumaji tu, anwani haionyeshi mpaka uliguse jina. Angewezaje kujua?

Benki yake ilijaribu kuirudisha, walikuwa wamechelewa. Safari nilimpeleka kwa hela yangu kwa sababu sikuwa na uso wa kumwambia asije.

Tangu hapo kotesheni ya kwanza kabisa ina sentensi: akaunti yetu ya benki haitabadilika kwa barua pepe, ukipata barua ya kubadilisha tupigie kwenye namba hii. Kila Jumatatu naangalia vichujio, uelekezaji wa barua, na orodha ya vifaa vilivyoingia. Neno la siri kubadilisha peke yake hakutoshi, kichujio kile kingeendelea kuwatumia tu.

#15
MamaKiboriloni, Moshi
Jumatano, saa 3:20 usiku

Pole mwanangu. Nimeisoma nikatoka jasho. Tumekagua yetu sasa hivi, hakuna uelekezaji. Ila kwenye vifaa tumekuta simu ya kijana aliyeacha kazi kwetu mwezi wa tisa, bado inapokea barua zetu zote. Si mtu mbaya, hakuna aliyekumbuka tu. Tumebadilisha neno la siri na kumtoa.

#16
FundiSanawari, Arusha
Jumatano, saa 3:50 usiku

Chalii, asante kwa kuandika hilo. Naongeza dogo: washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri halafu uthibitisho wa pili kwenye simu. Gmail inakupa namba 10 za akiba, ziprinti uziweke na pasipoti, maana simu ikiibiwa stendi utajifungia nje mwenyewe. Na likitokea la benki, simu ya kwanza ni kwa benki iliyotuma pesa, saa hiyo hiyo, halafu polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayagusa haya.

Na mkimtafuta mgeni kwa jina kwenye Gmail, ujue utafutaji wa kawaida hauingii spamu wala kwenye pipa. Andika in:anywhere kisha jina lake.

#17
DadaRizavesheni, Arusha
Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa 10:30 jioni

Wakuu nimerudi na ripoti, samahani kwa kimya.

Kuhamisha barua kulichukua usiku tatu, GB 4 na kitu. Usiku wa pili umeme ulikatika katikati nikadhani nimepoteza za 2019, lakini kwa kuwa nilikuwa nanakili mia tano tano niliona mahali nilipoishia. Sasa simu, tableti na kompyuta zinaonyesha kitu kimoja. Nikisoma kwenye daladala, nikifika ofisini imesomwa.

Fomu imerekebishwa. Nimeijaza mara mbili kwa anwani tofauti, zote zimetua kwenye kikasha.

Kila asubuhi kabla ya kazi nafungua folda ya spamu, sasa naiona kwenye simu. Dakika tatu nne. Siku ya pili nilikuta mume na mke wa Uholanzi, waliandika siku kumi na moja nyuma kwa ile fomu mbovu, wanataka Machame siku saba halafu Tarangire. Niliwaandikia nikawaeleza ukweli wote kwamba kosa lilikuwa letu. Wamejibu jana. Walikuwa hawajalipa popote. Wametuma tarehe.

Yule mama wa Kijerumani nimemwandikia kumshukuru kwa kupiga ile simu. Wangapi walinyamaza wakaenda zao, sitajua, na hilo ndilo linaloniuma.

Nina swali moja fundi. iPhone ya bosi bado ina akaunti mbili, ya POP na mpya. Anataka niifute ya zamani leo kabla hajaenda Karatu. Nifute?

#18
FundiSanawari, Arusha
Jumamosi, saa 10:52 jioni

Bado! Fungua kwanza folda ya zilizotumwa ndani ya ile ya zamani. Barua zote alizojibu bosi kutoka kwenye simu hiyo zipo humo peke yake. Zihamishie kwenye zilizotumwa za akaunti mpya. Zikikataa kuhama, zielekeze moja moja kwenye anwani ya ofisi. Ukiona zimefika kwenye kompyuta ndipo ufute.

#19
DadaRizavesheni, Arusha
Jumamosi, saa 11:20 jioni

Zipo 214, kuanzia Machi. Kotesheni za Agosti zote zimo, zikiwemo mbili ambazo nilikuwa nadhani hatukuwahi kuwajibu wale wageni. Bosi ameniachia simu, anakwenda Karatu na ile ndogo. Nazihamisha sasa hivi.